Alikoangukia Kengele

Fundi wa cherehani alijiandikisha kwa jina la mdogo wake, akapewa baiskeli ya kijani yenye kikapu mbele. Kiongozi wa msafara, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, alimrekebishia kiti, akamshikia usukani, kisha akamwuliza kama aliwahi kupanda baiskeli.

"Nimeolewa na baiskeli," fundi alisema.

Kiongozi akacheka, akadhani ni utani. Yeye walimwita Breki, kwa sababu hakuweza kumaliza maelezo yoyote bila kulitaja neno hilo. Mkifika mteremkoni, breki. Mkiona trekta, breki. Mkionja mvinyo mkajiona mnaweza kuruka, breki mbili.

Msafara ulikuwa wa watu watano. Walikuwapo bwana na bibi waliooana wiki iliyopita, wote wawili wakiwa na fulana za rangi moja kama wachezaji wa timu, na mhasibu mstaafu aliyening'iniza kamera shingoni. Breki alitangulia, na fundi alishika mkia. Ilikuwa safari ya kutwa, kilomita thelathini na moja katikati ya mashamba ya zabibu, ikisimama kwenye mashamba matatu ya kutengeneza mvinyo, na chakula cha mchana kwenye shamba la pili. Fundi hakuwahi kuipita njia ile hata siku moja, lakini aliijua kama chumba chake mwenyewe. Alijua kwamba baada ya daraja kuna mlima ambao wageni waliubatiza Toba. Alijua shamba lenye mbwa mwoga. Kwa miaka tisa alisimuliwa haya kila jioni mezani, na mume wake.

Mume wake ndiye aliyekuwa kiongozi kabla ya Breki. Wote walimwita Kengele, kwa kuwa kila alipowakaribia wachumaji waliokuwa wakivuka barabara na makreti yao, aligonga kengele mara tatu, nao wakamwitikia kwa kelele. Alikuwa fundi baiskeli tangu ujanani, na kampuni ilipotafuta mtu anayejua kuziba pancha na kuongea na watu, ilimpata yeye. Kulikuwa na jambo moja tu la kuchekesha: Kengele hakugusa kileo. Majirani walimtania kwamba ni kinyozi mwenye upara.

Aliacha pombe miaka kumi na tano kabla ya siku hii. Jioni moja, akiwa amelewa, alimpakia binti yao wa miaka saba kwenye kibebeo cha nyuma, wakaanguka, na mkono wa mtoto ukavunjika mahali pawili. Ulipona, lakini ulipona umepinda. Kengele alikula yamini palepale hospitalini, mbele ya mkewe, kwamba hataonja tena. Na hakuonja. Fundi alimnusa kila siku mwaka mzima wa kwanza, mwaka wa pili akamnusa mara mojamoja, mwaka wa tatu akaacha.

Halafu, mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya safari hii, wakati wa mavuno, Kengele alikutwa kwenye kona ya chini ya shamba la tatu. Kichwa kilikuwa kimegonga ukuta wa mawe. Hakuwa na helmeti. Taarifa ya kampuni ilisema ananuka mvinyo na ameendesha kizembe. Fundi angeweza kubishana na taarifa. Lakini hospitalini alikabidhiwa mfuko wa nguo, akaufungua mwenyewe, na harufu ikampanda puani kabla hajaona shati. Zilinuka kuanzia kola hadi soksi. Zilinuka kama mtu aliyeogelea ndani ya pipa.

Alimpigia simu binti yao, aliyekuwa akifanya kazi ya mapokezi kwenye hoteli ya mji mwingine. Binti alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo amerudia," binti alisema.

"Amerudia."

Binti alikata simu. Hakuja hospitalini, wala hakuja nyumbani.

Kengele hakufa. Alirudishwa na kulazwa kwenye kitanda cha sebuleni, kando ya meza ya cherehani, hasemi, upande wa kulia umekufa ganzi, macho yapo. Daktari alisema huenda anasikia, huenda hasikii. Fundi alimhudumia, hilo hakuna wa kumnyima. Alimwosha, alimlisha, alimgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Lakini alimgeuza kama anavyogeuza robota la kitambaa, na alimlisha kama mtu anayejaza gunia. Na kwa mwaka mmoja na miezi miwili hakumwambia neno. Hakumwuliza umelalaje, hakumwambia fungua mdomo. Akija mgeni alizungumza na mgeni. Wakiwa wawili peke yao, iliyosema ni cherehani.

Jambo lililomkaa kooni halikuwa kuanguka. Alitaka kujua ni wapi. Ni kwenye meza gani, mbele ya nani, mume wake alishika glasi akaitupa ile miaka yote ya kutokunywa. Alitaka kumwona huyo aliyemmiminia. Kwa hiyo alimwomba mdogo wake akae na mgonjwa kutwa moja, akamwambia anakwenda kupunga upepo.

"Nenda, dada," mdogo wake alisema. "Umekonda mpaka pete inacheza kidoleni."

Shamba la kwanza lilikuwa na chumba cha kuonjea chenye sakafu ya mbao, na mmiminaji wake alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alipanga glasi, akaeleza habari za udongo na jua. Mhasibu aliandika kila kitu kwenye daftari. Fundi alinusa tu, akairudisha glasi yake mezani, akangoja wenzake watoke kupiga picha.

"Kulikuwa na kiongozi mmoja zamani," alisema. "Wakimwita Kengele."

Mama mnene alivua miwani. "Unamjua?"

"Nimemsikia. Wanasema alikuwa mlevi."

"Nani anasema?" Mama mnene aliweka chupa chini. "Dada yangu, mimi nimemwaga mvinyo hapa miaka kumi na miwili. Walevi nawajua kwa miguu yao tu, kabla hawajaongea. Yule hakuwahi kuonja. Nilikuwa namwekea maji ya zabibu, yale matamu, hayajaanza hata kuchacha. Chupa yake ilikaa kwenye friji na jina lake juu. Akichelewa kuja, wenzangu wakiinyemelea, nawafukuza."

"Hata siku ile alipoanguka?"

"Siku ile alikunywa maji ya zabibu, akanirudishia chupa tupu, akaniambia wiki ijayo niijaze mpaka juu, nisimbanie." Mama mnene alifuta meza iliyokuwa safi tayari. "Tulipoambiwa alikuwa amelewa, nilisema hapa hakulewa. Wakaniambia basi alilewa mbele huko. Mbele huko mimi sikuwepo."

Fundi alishukuru, akatoka. Breki alikuwa akimsaidia bibi harusi kuvaa helmeti, na bwana harusi alikuwa akimpiga picha Breki akimsaidia. Wakapanda. Mlima wa Toba uliwatoa jasho, bibi harusi akashuka akasukuma, mhasibu akasema moyo wake haukuandikiwa mambo haya. Fundi alipanda mpaka juu bila kushuka. Hakuyasikia mapaja. Alikuwa akihesabu: bado mashamba mawili.

Kwenye shamba la pili meza ilipangwa kivulini, mikate, jibini, mayai ya kuchemsha na nyama baridi. Mpishi, mzee mwembamba mwenye aproni iliyomfika magotini, ndiye aliyepitisha sahani. Safari hii fundi hakulazimika kuuliza. Bwana harusi alitania kwamba kazi ya Breki ni tamu, kutwa kuonja, na mpishi akasema amewahi kuwepo mmoja hapa ambaye hakuonja kabisa.

"Kwa nini?" bibi harusi aliuliza.

"Aliwaambia wageni mwenyewe, kwenye kiti hicho ulichokalia. Kila msafara. Watu wakishaanza kucheka na kumiminiana, anasimama, anasema: kunyweni, lakini baiskeli ni zangu na nitawaangalia, kwa sababu mimi nilimvunja mwanangu mkono. Halafu anaeleza yote. Alivyompakia, alivyojiona yuko imara, mtoto alivyolia. Wageni wanakaa kimya. Wengine wanaacha glasi palepale." Mpishi alikusanya maganda ya mayai. "Mimi nilimwambia, ndugu yangu, unawaharibia watu siku yao. Akaniambia, afadhali siku kuliko mkono."

Fundi alikuwa ameshika kipande cha mkate. Kengele hakuwahi kumwambia hili. Kila jioni alimletea habari za mbwa mwoga na wageni waliotumbukia mtaroni, na hakutaja hata mara moja kwamba kila msafara alisimama mbele ya watu asiowajua akajivua nguo hivyo.

"Na siku ya mwisho?" aliuliza. "Aliisema?"

"Aliisema. Nilimsikia kutoka dirisha la jikoni. Ilikuwa saa saba na nusu, kama sasa. Alikuwa mzima kama mimi na wewe."

Aliurudisha mkate sahanini. Mtu angedhani atapata nafuu, kwamba kila aliyemtetea mume wake alikuwa anampunguzia mzigo. Haikuwa hivyo. Alianza kuogopa. Tangu asubuhi alikuwa amemtafuta mtu wa kumchukia, na sasa, kila walivyosonga mbele, aliona kitu kingine kinamkaribia. Kama Kengele hakunywa, basi yeye fundi amekuwa akifanya nini sebuleni mwake mwaka mzima? Alikumbuka asubuhi ileile, alivyompangusa mdomo kwa kitambaa kikavu, kwa nguvu, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Alitamani, Mungu amsamehe, shamba la tatu liwe na mtu wa kumwambia: ndiyo, alikunywa hapa, nilimmiminia mwenyewe.

Shamba la tatu lilikuwa kubwa kuliko yote. Jengo la mawe lilikaa juu ya kilima, chumba cha kuonjea kikiwa ghorofani, na ghala la matangi likiwa chini, nusu ndani ya ardhi. Mmiminaji wa hapo alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwenye mikono ya mtu wa kazi nzito na koti la mhudumu lililombana mabegani. Alikohoa kila baada ya maneno machache, akigeuza uso kwa adabu.

Fundi alingoja wenzake wamwendee Breki dirishani, aliyekuwa akiwaonyesha kona ya barabara kule chini.

"Kengele alikunywa hapa?" aliuliza.

Chupa ilipiga ukingo wa glasi, mvinyo ukamwagika kwenye kitambaa. Mmiminaji akauangalia ukisambaa.

"Sijui, mama. Mimi ni wa huku juu."

"Sikukuuliza wewe ni wa wapi."

"Sijui habari hizo." Akakohoa, safari hii kwa muda mrefu, akachukua kitambaa akaondoka nacho.

Breki alipowaita kuondoka, fundi alisema goti limemkaza, watangulie hadi kwenye kisima cha njiani, atawafuata. Breki hakupenda, lakini bwana harusi naye alikuwa ameanza kupenda mvinyo kupita kiasi na alihitaji kuangaliwa. Akasema robo saa, na breki mkononi. Fundi akashuka ngazi za nyuma. Alimkuta mmiminaji amekaa juu ya kreti mlangoni mwa ghala, kitambaa chenye doa mapajani.

"Mimi ni mke wake," fundi alisema.

Mwanamume yule alisimama, kisha akakaa tena.

"Shemeji," alisema.

"Usiniite shemeji. Niambie."

Nyuma yake, matangi ya chuma yalisimama mistari miwili, makubwa kama vyumba, kila moja na ngazi ya kupandia. Msimu ulikuwa umepita, yalikuwa matupu na safi. Alionyesha la tatu upande wa kushoto.

"Nilikuwa mtu wa ghala wakati ule. Zabibu zikichacha zinatoa hewa mbaya. Haina harufu, huioni, inakaa humo ndani kama maji. Unatakiwa uache tangi lipumue ndipo uingie kuyatoa makapi. Lakini matangi yalikuwa hayatoshi, malori yamejaa zabibu uani, na msimamizi alisema ingia. Nikaingia. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka miguu tu, kwamba sina miguu."

Akakohoa, akangoja kifua kitulie.

"Mwenzangu mmoja alikuwa juu ya tangi. Akapiga kelele. Watu wakaja mbio, wakasimama. Wanajua. Anayemfuata mwenzake humo anabaki naye, yametokea kwingine. Mumeo alikuwa uani anajaza maji chupa za wageni. Alipanda ngazi ile. Alivua helmeti kwa sababu haipiti kwenye tundu la juu, akavuta pumzi, akaingia. Ulimfika kifuani, ule mchanganyiko wa maganda na mvinyo mchanga. Aliniinua mpaka wakanishika mikono. Halafu pumzi ikamwisha, akavuta ya humo. Walimtoa kwa kamba."

"Ndiyo maana nguo," fundi alisema.

"Nguo, nywele, viatu. Alikuwa anachuruzika. Alitapika pale kwenye mfereji. Akasema kichwa kinamzunguka, akaomba akae kidogo. Mimi nilikuwa nimelazwa hapa sakafuni, sauti sina, lakini masikio yalikuwa yamerudi." Akaangalia mikono yake. "Msimamizi alimwambia wageni wako juu, wakishuka wakiona hivi tutafungiwa katikati ya mavuno. Waondoe upesi, utapumzika mbele. Kengele akauliza, huyu ataishi? Wakamwambia ataishi. Akaenda kuwaita wageni wake. Akapanda."

"Bila helmeti."

"Ilibaki juu ya tangi."

Ghorofani mtu alikuwa akivuta viti.

"Na wewe ukanyamaza."

"Walileta karatasi wiki ile ile. Kwamba hakukuwa na tukio lolote ghalani. Tulisaini wote. Mimi wakanipandisha juu, wakasema kifua changu hakifai tena kwa ghala." Akafuta uso kwa kile kitambaa chenye mvinyo. "Nina watoto wanne, shemeji."

"Mimi ninaye mmoja," fundi alisema. "Ana mkono umepinda, na baba yake hajamwona mwaka wa pili huu, kwa sababu yako."

Alitaka kusema zaidi. Alitaka kumpiga, na yule mtu aliinamisha kichwa kama anayengoja apigwe. Lakini fundi alijua kwamba karatasi ya huyu haikumgusa Kengele hata siku moja. Si karatasi iliyomgeuza kitandani bila neno.

"Utakuja kwangu," alisema. "Utayasema haya mbele yake. Na utayaandika."

Mwanamume akaitikia kwa kichwa. Aliingia kwenye kijistoo kando ya mlango, akatoka na helmeti nyeupe iliyopauka, akampa bila kusema alivyoificha wala kwa nini.

Fundi aliwakuta wenzake kisimani. Breki aliona helmeti kikapuni, akageukia barabara. Chini ya kilima aliwaamuru wote washuke wasukume kwa miguu mpaka wapite kona. Ni sheria mpya ya kampuni, alisema, mteremko huu si mzuri. Bwana harusi akanung'unika. Fundi alisukuma baiskeli yake polepole, akauangalia ukuta. Alitarajia kukuta kitu, doa, jiwe lililong'oka. Ulikuwa ukuta tu. Magugu yalikuwa yameota kwenye nyufa, mjusi akakimbia. Mhasibu alisimama akapiga picha ya bonde, akasema ni sehemu nzuri kuliko zote walizopita.

Alifika nyumbani saa kumi na moja jioni. Mdogo wake alikuwa amemlisha mgonjwa, amemkalisha kwa mito.

"Umepunga upepo?" mdogo wake aliuliza, kisha akamtazama vizuri. "Dada, una nini?"

"Nenda nyumbani. Nitakueleza kesho."

Alipobaki peke yake na mume wake, fundi alivuta kiti cha cherehani mpaka kando ya kitanda. Hakujua aanzie wapi. Aliwahi kuwa mwongeaji katika nyumba hii, na sasa kila neno lilimtoka kama limeshikwa na kutu.

"Nimetoka kule," alisema. "Kwenye tangi. Nimemwona uliyemtoa. Anaishi."

Kengele alikuwa ameangalia dari. Macho yake yalishuka, yakasimama usoni kwake, yakabaki hapo. Fundi aliyaona, moyo ukamruka. Halafu akakumbuka kwamba hajui. Huenda yamemwelewa. Huenda hivyo ndivyo yalivyomtazama kila siku, kila alipomgeuza, kila alipomlisha. Hakuwa na namna ya kujua, kwa sababu katika siku zote zile hakuwahi kuyaangalia.

Alizungumza mpaka giza lilipoingia. Aliomba msamaha, kisha akaeleza ni msamaha wa nini, jambo kwa jambo, hata lile la kitambaa cha asubuhi. Jicho la kushoto la Kengele lilitoa machozi. Lakini jicho lile lilitoa machozi tangu alipotoka hospitalini, daktari alisema ni mshipa.

Binti alipigiwa simu usiku huohuo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema atakuja Jumamosi, na Jumamosi alikuja. Alikaa kando ya baba yake, akaweka mkono wake uliopinda juu ya ule wa kushoto wa baba, akalia kimyakimya kama mtu mzima. Jumapili iliyofuata alikuja yule mtu wa ghala, amevaa shati lililopigwa pasi, karatasi yake imeandikwa pande zote mbili. Aliisoma kwa sauti mbele ya kitanda, akikatizwa na kikohozi. Aliachishwa kazi mwezi huohuo. Kampuni ya safari ilijibu kwa barua ya mistari minne kwamba imepokea, inasikitika, na jalada la tukio lilikwishafungwa.

Fundi alimhudumia Kengele kwa mikono mingine sasa. Alimweleza kila anachomfanyia kabla hajakifanya. Alimsomea vipimo vya sketi za shule alizokuwa akishona, alimtania, alimsimulia habari za majirani. Ilidumu wiki kumi na moja. Wiki ya kumi na mbili kikohozi kiliingia kifuani, siku tatu, na Kengele akafariki asubuhi, binti yake akiwa njiani.

Mazishi yalijaa. Mama mnene wa shamba la kwanza alikuja, na mpishi, na wachumaji wengi ambao fundi hakuwajua. Mtu wa ghala aliomba nafasi akasimulia mambo ya tangi mbele ya watu wote, na wanaume wazima wakageuza nyuso. Breki alikuwepo, kofia mkononi, hakusema kitu cha kuchekesha. Na baada ya kuzika, wanawake walimzunguka fundi, mmoja baada ya mwingine, wakamshika mikono.

"Umemuuguza vizuri," walimwambia. "Hakutoka hata kidonda kimoja. Mwaka mzima na zaidi, mwanamke mwingine angechoka."

Aliitikia asante. Kila asante ilikuwa ngumu kuliko iliyotangulia, lakini alizisema zote.

Jioni watu walipotawanyika, alibaki jikoni na binti yake wakiosha vyombo vya wageni. Fundi aliosha, binti akafuta.

"Mama," binti alisema, "nikiwa kule nilikuwa najifariji na jambo moja. Kwamba mimi simsemeshi, lakini wewe upo. Nilikuwa najiambia, Mama anaongea naye."

Fundi alisuuza sahani, akaisimamisha. Angeweza kuliacha lipite. Hakuna aliyejua ila yeye na Kengele.

"Sikuongea naye," alisema. "Mpaka siku ile niliyotoka kule. Kabla ya hapo, hata neno moja."

Binti aliacha kufuta. Alimtazama mama yake, akaitazama sebule, kitanda kilichotolewa godoro, akarudi kumtazama mama yake. Kisha akavuta kiti akakaa, na fundi, mikono bado inachuruzika povu, akakaa kando yake. Hakuna aliyemshika mwenzake. Walikaa hivyo mpaka mdogo wake fundi alipoingia na ndoo, akauliza maji haya ayamwage wapi.